Helen Keller na mkono uliosikia

Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho wanafunzi wangu wa isimu hukipita bila ya kukitazama, kwa kuwa wamekizoea tangu utotoni. Kitenzi hicho ni kusikia. Sikio husikia sauti, na hilo halina ubishi. Hata hivyo Mswahili husikia pia baridi, husikia njaa, husikia maumivu, na akipita karibu na jiko la jirani husikia harufu ya pilau. Wala si Kiswahili peke yake. Mkikuyu ana kitenzi kuigua, na kwa kitenzi hicho kimoja husikia maneno ya mwenzake na husikia baridi ya asubuhi. Watungaji wa kamusi hulazimika kukigawa kitenzi cha namna hii katika vifungu vitatu au vinne, kana kwamba wenye lugha walichanganya mambo ambayo yangepaswa kutengwa.

Sidai kwamba lugha zetu ziliwatangulia wanasayansi katika uvumbuzi. Hiyo si kazi ya lugha. Ninalodai ni kwamba mpaka tunaouchora baina ya sikio na ngozi ni mwembamba kuliko tunavyoufundisha darasani, na kwamba mpaka huo unapochorwa vibaya, wanaoumia ni watoto. Anayelithibitisha jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote ni mwanamke wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1968, ambaye jina lake hutajwa kila mara katika hotuba za siku ya zawadi shuleni, lakini maisha yake huelezwa nusu nusu. Huyo ni Helen Keller.

Helen alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake, Arthur Keller, alikuwa amepigana upande wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akawa mhariri wa gazeti. Mtoto huyu alizaliwa akiona na akisikia kama watoto wengine. Alikwisha kuanza kutembea na kutamka maneno machache ya kitoto, likiwemo jina la maji, alipopatwa na maradhi makali mwezi Februari 1882. Wakati huo alikuwa na umri wa miezi 19. Homa ilimwachilia ghafla kama ilivyomjia, na wazazi wakashukuru. Baada ya siku chache mama yake akatambua kwamba mtoto hafumbi macho mkono unapopita mbele yake, wala hageuki kengele inapolia.

Mwaka wa kuzaliwa kwake una uzito wake katika habari hii. Mwezi Septemba 1880, Helen akiwa bado mchanga wa kubebwa, walimu wa viziwi kutoka Ulaya na Marekani walikutana katika mji wa Milan, Italia. Wakapitisha azimio kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kutamka na kwa kusoma midomo, wala si kwa ishara za mikono. Karibu wajumbe wote walikuwa watu wanaosikia. Tangu hapo ishara zilifukuzwa katika shule nyingi za viziwi, na mkono ukahesabiwa kuwa adui wa ulimi. Msomaji alikumbuke azimio hilo, maana tutalirudia.

Katika miaka mitano iliyofuata maradhi yake, Helen hakukaa kimya kabisa. Alijitungia ishara zake za nyumbani, zipatazo sitini hivi, ambazo alizitumia na jamaa zake na hasa na Martha Washington, binti wa mpishi wao. Alipotaka mkate, aliiga kitendo cha kukata vipande na kuvipaka siagi. Alipotaka barafu tamu, aliiga kuzungusha mashine ya kuitengeneza, kisha akatetemeka kama mtu asikiaye baridi. Lakini ishara hizo zilikuwa na kikomo, na yeye alikitambua kikomo hicho. Aligundua kwamba watu wengine hawafanyi kama yeye. Wao huchezesha midomo. Akawa anasimama katikati ya watu wawili wanaozungumza, anaigusa midomo yao kwa vidole, kisha anaichezesha midomo yake mwenyewe kwa nguvu. Hapakutokea lolote. Hasira ikampanda, akapiga mateke na kupiga mayowe mpaka akachoka.

Tukio hilo naliona kuwa la maana sana kwa mwalimu yeyote. Vidole vya mtoto yule vilikuwa tayari juu ya chemchemi ya lugha, yaani midomo ya wasemaji, na bado havikupata kitu. Hisi peke yake haimpi mtu lugha. Hata sisi wenye masikio mazima tukiketi miongoni mwa watu wanaosema lugha tusiyoijua, huambulia kelele tu. Kilichokosekana si mlango, bali ni mtu wa kuupitia mlango huo akiwa amebeba kitu.

Mtu huyo alipatikana kwa njia ndefu. Mama yake Helen alikuwa amesoma katika kitabu cha safari cha Charles Dickens habari za Laura Bridgman, msichana asiyeona wala kusikia ambaye alikuwa amefundishwa katika taasisi ya Perkins mjini Boston tangu mwaka wa 1837. Mnamo mwaka wa 1886 wazazi walimpeleka Helen kwa daktari wa macho mjini Baltimore. Daktari akawaelekeza kwa Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, ambaye kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kuwafundisha viziwi. Naye Bell akawaelekeza Perkins. Tarehe 3 Machi 1887 akafika Tuscumbia mwalimu aliyeitwa Anne Sullivan, msichana wa miaka 20, mtoto wa wahamiaji fukara kutoka Ireland, ambaye yeye mwenyewe alikaribia kupofuka utotoni kwa ugonjwa wa trakoma na akalelewa katika makao ya maskini. Huko Perkins alikuwa ameishi pamoja na Laura Bridgman, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima, na akajifunza alfabeti ya vidole. Katika alfabeti hiyo kila herufi ina umbo lake la mkono, na umbo hilo hufinyangwa ndani ya kiganja cha anayesikiliza.

Kwa mwezi mzima Anne aliandika maneno katika kiganja cha Helen, na Helen akayaiga kama mchezo, upesi na bila ya kuelewa. Tarehe 5 Aprili walikuwa wamegombana juu ya kikombe na maji, kwa sababu mtoto alivichanganya. Wakatoka nje hadi kwenye pampu ya kisima. Anne akauweka mkono mmoja wa mtoto chini ya mdomo wa pampu, na maji baridi yalipokuwa yakimiminika, akaliandika jina la maji katika mkono wa pili, kwanza polepole, kisha kwa haraka. Helen akasimama tuli. Ghafla akatambua kwamba lile umbo la vidole ndilo jina la kile kitu cha baridi kinachotiririka. Akainama akaigusa ardhi na kuuliza jina lake, kisha jina la pampu, kisha la mwalimu. Hadi jioni alikuwa amejifunza maneno mapya yapatayo thelathini.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi kama muujiza. Mwanaisimu huona ndani yake jambo lisilohitaji muujiza. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1916 baada ya kifo chake, aliieleza alama ya lugha kuwa ni muungano wa dhana na taswira ya sauti. Pale kisimani muungano ulikamilika, na sauti haikuwapo. Mguso mmoja ulikuwa kitu chenyewe, na mguso wa pili ulikuwa jina lake. Lugha haikudai sikio. Ilidai umbo lililo thabiti, na mwenzi wa kulitumia umbo hilo pamoja naye.

Aliyoyafanya Anne baada ya siku ile, kwa maoni yangu, ndiyo makubwa zaidi, ingawa hayakuingia katika filamu. Alimtazama binamu yake Helen, mtoto wa miezi kama 15, akaona kwamba mtoto huyo huelewa mengi kabla hajaweza kusema, na kwamba hakuna anayempa somo la msamiati kila asubuhi. Watu humsemesha tu. Anne akaamua kuzitupa ratiba za masomo, na kuzungumza katika kiganja cha Helen kama watu wazungumzavyo katika sikio la mtoto mchanga, kwa sentensi kamili, kutwa nzima, juu ya kila walichokigusa na kila walikokwenda. Hakungoja mtoto awe tayari kwa sentensi. Alimzamisha katika lugha, naye akaogelea.

Je, yaliyoingia kwa kiganja yalikaa akilini kama yanavyokaa yaliyoingia kwa sikio? Jibu lilikuja kwa njia chungu. Mwaka wa 1891, akiwa na miaka 11, Helen alituma hadithi fupi juu ya mfalme wa jalidi kuwa zawadi kwa mkuu wa Perkins, Michael Anagnos, naye akaichapisha. Baadaye ikabainika kwamba ilifanana mno na hadithi ya mwandishi Margaret Canby. Hadithi hiyo ya Canby ilikuwa imesomwa katika kiganja cha Helen miaka mitatu hivi kabla. Mwaka wa 1892 mtoto huyu aliketishwa mbele ya baraza la walimu na maofisa akahojiwa kwa saa mbili bila ya Anne kuwa karibu naye. Kura ziligawanyika sawasawa. Helen alibaki na jeraha maisha yake yote, akiogopa kwamba kila sentensi aiandikayo huenda ni ya mtu mwingine.

Waliomhukumu walimwona kuwa kasuku. Mimi nauona ushahidi ule ule ukisema kinyume. Kila mmoja wetu hubeba maneno, methali na visa ambavyo hakumbuki alivipata kwa nani. Ndivyo lugha inavyoingia kwa sikio: mlango husahauliwa na kilichopita kikabaki. Kwa Helen nako mlango ulisahauliwa. Hadithi ilikuwa imeingia ndani kabisa mpaka mguso ulioileta ukafutika. Kiganja chake kilikuwa kimefanya kazi yote ya sikio, pamoja na kasoro zake.

Mnamo mwaka wa 1890 Helen alipata habari za msichana wa Norway, Ragnhild Kaata, asiyeona wala kusikia, ambaye alikuwa amefundishwa kusema kwa kinywa. Hakukubali tena kuridhika na vidole. Akapelekwa kwa Sarah Fuller, mkuu wa shule ya viziwi mjini Boston, ambaye alimpa masomo kumi na moja. Mwalimu alimruhusu kuupapasa uso wake na kuingiza kidole kinywani ili kupima mahali ulimi ulipo, kisha mtoto akaiga. Katika miaka iliyofuata Helen alijizoeza pia kuwasikiliza watu kwa namna hiyo hiyo. Alikiweka kidole gumba juu ya koo la msemaji, kidole cha shahada juu ya midomo, na kidole cha kati kando ya pua.

Mwanafunzi wa fonetiki anaweza kuona mara moja kwamba vidole hivyo vitatu havikuwekwa kiholela. Gumba juu ya koo hupokea mtetemo wa nyuzi za sauti, na kwa hiyo huzitenga sauti ghuna na zisizo ghuna, kama vile b na p, au z na s. Kidole cha midomoni hupima kufunga na kufunguka kwa kinywa, kuviringa kwa midomo, na mlipuko wa pumzi. Kidole cha puani hutambua m na n, kwa kuwa hewa yake hupita puani na kuutetemesha upande wa pua. Hiyo ni karibu nusu ya jedwali la konsonanti tunalolichora ubaoni, na Helen alilisoma kwenye nyuso za watu. Katika miaka ya 1920 mwalimu Sophia Alcorn aliwafundisha wanafunzi wake wawili, Tad na Oma, mbinu inayofanana na hiyo, ikaitwa Tadoma kwa majina yao. Wataalamu wa chuo cha teknolojia cha Massachusetts walipowapima watumiaji hodari wa Tadoma katika miaka ya 1970 na 1980, waliona kwamba waliweza kuyashika takriban asilimia 80 ya maneno ya msingi katika sentensi zilizosemwa kwa utaratibu, bila ya kuona wala kusikia chochote.

Inawezekanaje? Sauti yenyewe ni mtetemo, na sikio ni kiungo kinachoguswa na hewa. Ndani ya ngozi ya kiganja na vidole mna vihisio vidogo vyenye matabaka kama kitunguu, vinavyoitwa kwa jina la Filippo Pacini, Mwitalia aliyevieleza katika karne ya 19. Vihisio hivyo ni vyepesi zaidi kupokea mitetemo ya baina ya 200 na 300 kwa sekunde. Sauti ya mwanamume anapozungumza hutetemeka kiasi cha mara 100 na ushei kwa sekunde, na ya mwanamke kiasi cha mara 200. Sikio la kijana hufika mitetemo 20,000 kwa sekunde, na ngozi huishia karibu na 1,000, kwa hiyo ngozi haiwezi kudai usawa. Hata hivyo yapo maeneo ambamo sikio na ngozi hupokea habari ile ile, na sauti ya binadamu hukaa humo. Aliyewahi kusimama karibu na ngoma kubwa akaisikia kifuani anajua nisemalo.

Hapa sisi wa Kiswahili tuna mfano wetu. Msemaji wa Kimvita hutofautisha paa, mnyama wa porini, na paa la nyumba. Hutofautisha kaa wa baharini na kaa la moto. Neno la kwanza katika kila jozi huanza kwa mpumuo, yaani kwa mlipuko wa hewa ambao neno la pili halina. Wanafunzi wangu kutoka bara aghalabu husema hawasikii tofauti yoyote. Huwataka waweke mgongo wa kiganja mbele ya kinywa cha mwenzao wa Mombasa. Mkono huipata tofauti kwanza, kisha, baada ya majaribio kadhaa, sikio nalo huanza kuipata. Mwaka wa 2009 wanaisimu wawili wa Kanada, Bryan Gick na Donald Derrick, walichapisha jaribio linalokaribiana sana na zoezi hilo. Waliwapulizia wasikilizaji pumzi hafifu isiyosikika, mkononi au shingoni, wakati silabi zinasikika masikioni. Pumzi ilipoigusa ngozi, wasikilizaji walielekea zaidi kuihesabu silabi kuwa ile yenye mpumuo, kama pa, hata pale iliposemwa ba. Kabla yao, mwaka wa 1991, Carol Fowler na Dawn Dekle walikuwa wameonyesha kwamba mtu anayeigusa midomo ya msemaji huku akisikia silabi nyingine hugeuzwa usikivu wake na vidole vyake, japo hajawahi kufundishwa kusikiliza kwa mkono.

Athari huenda pia upande wa pili. Mwaka wa 1998 watafiti wa Finland, Veikko Jousmäki na Riitta Hari, waliwafanya watu wasugue viganja vyao huku wakisikia sauti ya msuguo huo kupitia vipokea sauti. Sauti nyembamba zilipoongezwa nguvu, watu walihisi viganja vyao vimekauka kama karatasi. Mwaka huo huo ilichapishwa taarifa ya mtu mmoja aliyezaliwa kiziwi. Kiganja na vidole vyake vilipotetemeshwa, sehemu ya ubongo ambayo kwa wengine hushughulikia sauti iliamka. Sehemu hiyo ilikuwa haijalala ikingoja sikio. Ilikuwa imepewa kazi na mkono.

Helen hakuyajua majaribio haya, lakini aliyaishi. Alisoma katika chuo cha Radcliffe tangu mwaka wa 1900, Anne akiketi kando yake na kumwandikia mihadhara kiganjani, na mwaka wa 1904 akahitimu kwa sifa. Alikuwa mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kupata shahada ya chuo. Mwanzoni mwa Februari 1924, nyumbani kwake New York, redio ilirusha Simfoni ya Tisa ya Beethoven kutoka ukumbi wa Carnegie. Helen aliweka mkono wake juu ya chombo kilichotoa sauti, na mmoja wa waliokuwapo akakifungua kifuniko ili vidole viguse utando unaotetemeka. Aliwaandikia wapiga muziki barua kueleza jinsi alivyozitenga ala na kuutambua wakati sauti za waimbaji zilipoinuka. Wala hakusahau kwamba aliyeutunga muziki ule naye alikuwa kiziwi. Simfoni hiyo ilikuwa imepigwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka wa 1824, miaka mia moja kabla.

Ni haki pia kuutaja upungufu. Kusema kwa kinywa hakukumnyookea. Alifanya mazoezi kwa miongo mingi, pamoja na kufundishwa na mwalimu wa uimbaji, lakini sauti yake ilibaki ngumu kueleweka kwa wageni, na mbele ya hadhira Anne, na baadaye Polly Thomson, aliyarudia maneno yake. Yeye mwenyewe aliuhesabu upungufu huo kuwa miongoni mwa majuto makubwa ya maisha yake. Sababu yake si ngumu kuiona. Mkono uliweza kupokea usemi wa wengine, lakini anayesema huirekebisha sauti yake kwa kujisikiliza, tena kwa kasi ambayo mguso hauwezi kuifikia.

Hapo ndipo linaporudi azimio la Milan. Waliotetea kutamka walipenda kumtaja Helen kuwa ushahidi wao: ikiwa asiyeona na asiyesikia amesema, kiziwi mwenye macho ana udhuru gani? Hoja hiyo inaigeuza historia yake kichwa chini. Helen alipata lugha mwaka wa 1887, kwa mkono. Usemi wa kinywa ulianza miaka mitatu baadaye, na uliwezekana kwa sababu lugha ilikwisha kuwamo. Bell mwenyewe, aliyekuwa mtetezi mashuhuri wa kutamka, alipozungumza na Helen aliandika kiganjani mwake kwa vidole.

Shule za kwanza za viziwi hapa Kenya zilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Mumias na Nyang'oma, mkondo wa kutamka ndio uliotawala duniani, nazo ziliupokea. Hadi miaka ya 1980 ndipo ishara zilipoanza kukubaliwa rasmi darasani. Mwezi Julai 2010, kongamano la kimataifa la elimu ya viziwi lililofanyika Vancouver, Kanada, lilitangaza majuto yake kwa yaliyoamuliwa Milan miaka 130 kabla. Mwezi Agosti mwaka huo huo Kenya ilizindua katiba yake mpya. Kifungu cha 7 kinaipa serikali jukumu la kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya na breli, na kifungu cha 120 kinaihesabu lugha hiyo miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Katiba, hata hivyo, haiketi na mtoto wa miezi 19. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 viziwi waliochunguzwa nchini Marekani wamezaliwa na wazazi wanaosikia, yaani wazazi wasio na lugha ya kuwapa kwa mlango ulio wazi. Mzazi kama huyo hungoja. Hungoja daktari, hungoja muujiza, hungoja umri wa shule, na mtoto huingia darasa la kwanza akiwa na ishara chache za kuomba chakula, kama alivyokuwa Helen kabla ya Machi 1887. Watu wakamwita mjinga, hali ujinga wake ni wa kunyimwa mazungumzo.

Helen Keller alisafiri katika nchi zaidi ya thelathini kulisema jambo hili, zikiwemo Afrika Kusini mwaka wa 1951 na Misri mwaka uliofuata. Alifariki tarehe 1 Juni 1968 nyumbani kwake jimboni Connecticut, akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 88. Majivu yake yamehifadhiwa katika kanisa kuu la Washington, karibu na ya Anne Sullivan, na bamba lililowekwa hapo lina maandishi ya breli.

Mwalimu mwenzangu, ukimpata mtoto asiyesikia katika kijiji chako, usianze kwa kuuliza kama ataweza kusema. Uliza ni nani anayezungumza naye leo, na kwa mlango upi. Ikiwa hakuna, anza wewe, mtafute mjuzi wa Lugha ya Ishara, na umfundishe mama yake pia. Ikiwa mtoto huyo haoni vilevile, bado viganja vyake viwili viko wazi. Anne Sullivan alikuwa na miaka 20, hakuwa na shahada wala mashine, na ndani ya mwezi mmoja na siku chache alikwisha kumfikisha mwanafunzi wake kwenye neno la kwanza.